Chupa za Tangi la Chini

Juzi nilikuwa katika mkahawa mmoja mjini Kisii, mojawapo ya ile mipya ambayo kahawa yake huletwa ikiwa na jani lililochorwa kwa povu, nikimsubiri mtu ambaye hatimaye hakuja. Mezani walikuwa wameweka ua moja ndani ya chupa ndogo ya bluu yenye mistari iliyoinuka ubavuni. Nilitoa ua, nikamwaga maji kwenye kisahani, nikaipeleka chupa puani. Msichana wa kuhudumu alikuja kuniuliza kama kuna shida. Nilimwambia hakuna, naye akaondoka akigeukageuka nyuma. Simlaumu. Mwanamke mzima anayenusa chupa tupu saa nne asubuhi ana maelezo ya kutoa.

Nilikuwa natafuta harufu ya saruji iliyolowa, nyasi zilizooza, na kitu kitamu kidogo kama marashi. Haikuwemo. Chupa ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya ndimu, na huenda hata haikuwa ya zamani. Siku hizi wanazitengeneza mpya zikafanana na kuukuu. Lakini mkono uliijua. Vidole vilipita kwenye ile mistari vyenyewe, kutoka shingoni kwenda chini, kama vilivyofanya nilipokuwa darasa la tatu, na kwa muda nikasahau niliyekuwa namsubiri.

Tulikuwa tunakaa kwenye plot, kiwanja chenye duka na vyumba, katika kituo kidogo cha soko si mbali na Nyakoe. Baba yangu, ambaye kwetu tunamwita Tata, alikuwa fundi cherehani. Nyumba aliinunua kutoka kwa familia ya Kiislamu iliyokuwa imehamia mjini: mbele duka, nyuma vyumba, sakafu ya saruji nyekundu, na paa la mabati mazito yaliyokwisha kushika kutu. Uani palikuwa na sakafu nyingine ya saruji, pana, yenye nyufa. Mama alianika wimbi hapo, na siku ambazo hakwenda kuuza mboga soko la Daraja Mbili alifulia hapo. Ukidondosha mchi, chini palitoa mlio kama wa debe. Aliyetuuzia alisema lilikuwa tangi la maji ya mvua, lilijazwa udongo zamani, tusijisumbue nalo. Hatukujisumbua. Nyumba ya kununua huja na mambo yake.

Kisha mama akafariki akijifungua, yeye na mtoto, na ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa na nyumbani. Kwetu mtu hazikwi sokoni. Anarudishwa kwenye shamba la ukoo, na shamba la Tata lilikuwa kwa babu, upande wa Masimba, mahali ambapo hakuwa amejenga. Mke naye hapelekwi nyumbani kusiko na nyumba yake, kwa maana kaburi linahitaji nyumba ya kukaa ubavuni mwake. Kwa hiyo wanaume wa ukoo waliijenga upesi, ya miti, udongo na mabati, mama akiwa bado mochari. Siku ya mazishi kuta zilikuwa mbichi na alama za vidole zilionekana. Walimlaza upande wa kushoto wa mlango, upande wa wanawake. Nyumba yake hiyo, wakasema. Hakuwahi hata kuchemsha chai ndani yake.

Sikulia. Watu waliliona jambo hilo na kulizungumza. Shangazi mmoja alinifinya begani, nadhani kwa nia njema, ili machozi yapate njia. Nilimtazama tu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, wala sijivunii: sikuhisi kitu. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, ukiugusa unaona kama ni mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilikaa hivyo kwa majuma mengi. Nilikula nilipopewa. Niliponyolewa nywele pamoja na wafiwa wengine, niliziona zikianguka nikafikiri zitachafua viatu.

Mama mdogo, ndugu yake mama, alikuwa ameolewa Nyamira, kwa watu wenye majani chai na bomba la maji mlangoni. Alikuwa mwanamke mwema na mwenye haraka, wa kukuvisha sweta huku anasema na mtu mwingine. Alikuja kwenye plot baada ya mazishi, akaona ninavyoishi. Maji tuliyateka kwenye chemchemi chini ya kilima, na kazi hiyo iliyokuwa ya mama sasa ilikuwa yangu. Nilishuka kabla ya shule na mtungi wa njano, nikapanda nao mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu unaoteleza. Nilikuwa naanguka, nafika shuleni nimechelewa na sketi imelowa, na sikuwa nalalamika, jambo ambalo nafikiri ndilo lililomwogopesha zaidi.

Alimwambia Tata mbele yangu, kama watu wazima wa wakati huo walivyozungumza mbele ya mtoto kana kwamba ni kiti.

“Shemeji, huyu mtoto umemfanya mke wa nyumba. Shule zikifungwa nakuja kumchukua.”

Tata alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa akiokota nyuzi kwenye suruali yake, tabia ya mafundi wa nguo. Halafu akauliza: je, kama maji yangekuwa hapa hapa uani? Mama mdogo akasema maji hayaji kwa kuitwa. Wakavutana kidogo, kwa heshima, kama mashemeji. Mwisho wakakubaliana: shule zikifungwa na maji yakiwa uani, mtoto atabaki kwa baba yake. Yasipokuwepo, ataenda Nyamira na hakuna atakayesema neno. Nami nilisikiliza yote hayo nikiwa sijali upande wowote. Mtu akipiga kura ya maisha yako na wewe hujali, inatisha ukikumbuka baadaye, si wakati ule.

Kesho yake Tata alifunga duka, akaazima nyundo kubwa, akaanza kuvunja sakafu ya uani.

Hapa ndipo akili yangu ya darasa la tatu ilipoingia kazini. Ninyi mliokulia kwetu mtanielewa. Hatukuambiwa kwamba mtu amekufa; tuliambiwa amelala, amepumzika, ametangulia. Mimi niliambiwa mama amepumzika nyumbani. Sasa, kila nyumba niliyoijua ilikuwa na kaburi ubavuni. Kwa jirani wetu wa chini, aliyekaa kwenye shamba la ukoo wake, kaburi la nyanya yao lilikuwa karibu na jiko, na kuku walipigana juu yake. Makaburi ya watu waliopendwa yalizungushiwa chupa zilizopandwa shingo chini, tako juu, kama tunavyozungushia bustani za maua. Nyumba yetu peke yake haikuwa na kaburi, kwa kuwa haikuwa na mtu. Sasa mtu tulikuwa naye, ila alikuwa amelazwa kimakosa kando ya nyumba ambayo hakuijua. Na huyu hapa mume wake, mtu ambaye hakuwahi kushika jembe kwa zaidi ya dakika kumi, anachimba upande wa kushoto wa nyumba yetu. Nilielewa mara moja. Sikuuliza, kwa kuwa jambo lilikuwa wazi.

Chini ya saruji palikuwa na shimo la mraba lenye kuta za mawe, limejaa udongo uliotitia na kuacha uwazi juu. Udongo wa juu ulikuwa taka za kila mtu: ndala, betri, karatasi za nailoni, mifupa ya ng’ombe. Tata alichimba kwa jembe alilokata mpini, akajaza karai, akapanda nalo ngazi ya mkalitusi na kwenda kumwaga penye migomba. Mikono yake ya kushika sindano ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Alishona asubuhi na kuchimba alasiri. Jumamosi hakugusa jembe, maana sisi ni Wasabato, lakini nilimwona baada ya kanisa amesimama ukingoni na suti yake, anatazama ndani.

Chini ya taka kulikuwa na majivu, na chini ya majivu zikaanza chupa.

Ya kwanza ilitoka kijani, nzito, ina gololi ya kioo imenaswa shingoni. Tata aliishika juu, mwanga ukapita, akanipa. Halafu zikaja nyingi. Za kahawia za dawa, za wino zenye mabega mapana, nyembamba za mafuta ya nywele, zilizoandikwa maneno ya kuinuka ambayo nilisoma kwa kidole kwa sababu kwa macho hayakuonekana. Na zile za bluu zenye mistari. Tata alisema zamani sumu na dawa kali ziliwekwa kwenye chupa za namna hiyo ili mtu akiishika gizani mkono umwonye. Sijui alijuaje, na sijawahi kuthibitisha.

Kazi yangu ikawa kuziosha. Nilitia mchanga na majivu ndani, maji kidogo, nikaziba kwa kiganja na kutikisa mpaka mkono ukauma. Zilizokataa nilizisugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Nilizipanga barazani kwa rangi. Zilikuwa nzuri, na nilijua kwamba ni nzuri kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Nilitenga za bluu upande wao. Tata aliponiona hivyo, nafikiri alidhani nimepata mchezo, na akafurahi. Alianza kuzileta moja moja mkononi badala ya kuzitia kwenye karai.

Lakini kadiri alivyoshuka ndivyo alivyochimba polepole zaidi. Siku moja aliniita niangalie kutoka juu. Alikuwa amefagia udongo kwa mkono, na pale chini chupa zilikuwa zimelala safu kwa safu, shingo upande mmoja, na kati ya safu palikuwa na nyasi kavu, jinsi unavyopanga mayai ya kupeleka sokoni. Nyingi zilikuwa zimejaa. Vizibo vilikuwa bado mahali pake.

“Hizi hazikutupwa,” Tata alisema. “Mtu alishuka nazo.”

Habari ikatoka, kama habari zinavyotoka kwa fundi wa nguo, ambaye kila mtu hupita kwake. Chupa zilizojaa, zimefukiwa karibu na nyumba, na mwenye nyumba ndiyo kwanza amefiwa na mke na mtoto. Hakuna aliyehitaji kusema neno lenyewe. Majirani waliacha kukata njia uani kwetu. Mwanamke aliyeleta gauni la kupunguzwa alisimama barabarani akalichukulia huko huko. Mzee wa kanisa alikuja, akaomba sala ndefu, na kabla ya kuondoka akamshauri Tata afukie. Tata alimshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akashuka shimoni. Shule zilikuwa zimekaribia kufungwa.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Niliona shimo limekuwa refu kuliko la Masimba, tena pana mno. Nikafikiri labda ni kwa ajili ya mtoto pia, ili kila mmoja awe na nafasi yake. Siku hiyo Tata alipotoka kunywa maji, nilimwonyesha chupa za bluu nilizokuwa nimetenga.

“Hizi ziwe upande wa kichwa,” nilimwambia. “Za kijani tutaweka miguuni.”

Akauliza kichwa cha nani. Nikamwambia cha mama. Nikamweleza, kwa subira, kama unavyomweleza mtu mzima aliyesahau jambo lake mwenyewe, kwamba akishamleta tutazipanda shingo chini kuzunguka pande zote, na zikibaki tutapanga nyingine mpaka mlangoni.

Aliweka kikombe chini. Alikaa kwenye ukingo, miguu ikining’inia ndani ya shimo, mabaka ya udongo hadi kwenye nyusi.

“Hapa ni pa maji,” alisema. “Mama yako haletwi. Amekufa. Mtu akifa hatoki alipowekwa, na harudi.”

Nikasema sawa. Nilichukua chupa inayofuata nikatia mchanga. Nilikuwa nimeelewa, nakwambia kweli, nililielewa neno zima na maana yake yote pale pale, na bado hakuna kilichosogea ndani yangu. Yeye ndiye aliyeondoka, akaenda nyuma ya migomba, na akakaa huko hadi kuku walipoingia.

Siku mbili tatu baadaye akaja Bi Zainabu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye buibui na mwavuli wa wanaume, amekuja kutoka mjini kwa sababu mtu aliyeshonewa suruali kwa Tata alimpelekea habari. Alizaliwa katika nyumba ile. Tata alimletea kiti barazani na, kwa Kiswahili chake cha kwetu, akaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa.

“Mama, hiyo tangi nataka ya maji tu. Chupa zenu ziko zote, hakuna hata moja tumeuza.”

Bi Zainabu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaziangalia zile chupa barazani jinsi zilivyopangwa kwa rangi. Akauliza nani amezipanga. Tata akanionyesha kwa kidevu. Yule mama alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Alitusimulia bila kupandisha sauti. Baba yake alikuwa na duka pale mbele, la dawa ndogo ndogo, marashi, soda na wino. Yeye Bi Zainabu alikuwa na ndugu mdogo wa kiume, wa miaka sita, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga chupa kwenye rafu, na hakukubali zichanganywe rangi. Siku moja ya mvua kubwa kifuniko cha tangi kiliachwa wazi ili maji yaingie vizuri. Mtoto alikuwa anacheza uani. Basi.

“Baba hakuzitupa,” alisema Bi Zainabu. “Aliteremka nazo moja moja, mama akimpa nyasi. Duka zima. Alisema hawezi kumuuzia mtu kitu alichokishika mtoto.”

Tata aliuliza tufanye nini nazo. Akasema chupa ni chupa, mwanangu, zipeleke panapofaa; lakini tangi, ukilifungua, weka kifuniko. Kisha akaomba moja iliyojaa. Alikizungusha kizibo mpaka kikatoka, na marashi yaliyokaa gizani karibu umri wote wa mama yule yakatoka nacho, yamechacha kidogo, matamu. Akayamwaga ukingoni mwa shimo huku akisoma dua kwa sauti ya chini. Hakuchukua chupa hata moja. Alinishika shavu alipoondoka, na mkono wake ulinuka vile vile.

Mama mdogo naye alipata habari, na kwa simu ya jirani akamwambia Tata kwamba sasa hata maji yakipatikana hataki kusikia. Mahali palipomeza mtoto hapalei mtoto. Nafikiri Tata alikuwa ameshajiambia maneno hayo kabla yake. Hakushika jembe siku kadhaa. Jumapili akatia chupa za bluu na za kijani kwenye gunia, akaniambia nivae viatu, tukaenda Masimba.

Nyumba ya mama ilikuwa imepasuka kuta kwa kukauka haraka. Hakuna aliyekuwa amefungua mlango wake. Tulichimba mfereji mdogo kuzunguka kaburi, tukapanda chupa shingo chini, za bluu upande wa kichwa, za kijani miguuni, kama nilivyosema. Babu alisimama mbali, ameegemea mkongojo wake. Tulipomaliza jua lilipiga kwenye vioo, na Tata akaniambia pamependeza. Nikajibu ndiyo. Nilikuwa nafikiria kwamba nimesahau kitambaa changu cha kuoshea.

Tuliporudi alianza tena, na safari hii hakupumzika. Alimaliza kutoa chupa, akasugua kuta, akapiga plasta yeye mwenyewe, vibaya, mpaka fundi mwashi wa jirani akamwonea huruma akaja kuirekebisha. Hofu ya watu ilikuwa imepungua. Marehemu mwenye jina na umri hatishi kama chupa zisizo na mwenyewe. Tata aliunganisha mfereji wa mabati kutoka kwenye paa, akaagiza kwa welda, fundi wa kuchomelea vyuma, kifuniko cha chuma chenye kufuli. Kabla hakijafika alifunika mdomo wa tangi kwa bati na mawe juu, na akanikataza kabisa kupita mlango wa nyuma. Alinikataza asubuhi, mchana na jioni. Alinikataza hata nilipokuwa nimeketi mbele yake nakula.

Alasiri aliyokwenda kukichukua kile kifuniko, mvua ilikuja. Kwetu mvua za alasiri si habari, lakini hii ilikuja na upepo uliong’oa lile bati na mawe yake na kulipeleka kwenye migomba. Nilisikia maji yakianguka ndani ya tangi, mlio mnene ambao sikuwahi kuusikia kwetu. Nikapita mlango wa nyuma. Niliteleza mara moja, nikavua ndala nikaziacha ukingoni, nikachungulia. Maji yalikuwa mekundu ya kutu, yanazunguka. Kisha mawe ya barafu yakaanza kunipiga kichwani, nikakimbilia jikoni, kile kijumba cha kupikia upande wa pili wa uwanja, nikasimama mlangoni.

Tata aliingia uani mbio, bila kifuniko. Aliona shimo wazi. Aliona ndala.

Hakusimama. Alijitupa ndani alivyokuwa, na viatu. Nilikwenda mpaka ukingoni nikamwona: maji yalimfika mapajani, naye ameinama, anayapapasa kwa mikono yote miwili toka kona hadi kona, huku anaita. Hakuwa anaita jina langu. Alikuwa anaita Kerubo. Hilo ni jina la mama, na sikuwa nimemsikia akilitamka hata mara moja, kwa maana wanaume wetu hawawaiti wake zao kwa majina; siku zote alikuwa “mama” pamoja na jina langu. Aliliita Kerubo tena na tena kwa sauti iliyopasuka, na barafu ikapiga mabati ya paa kwa kelele kiasi kwamba niliposema “Tata, niko hapa,” sikujisikia mwenyewe.

Nilisema tena. Nilisema mpaka mvua ikalegea, na akageuka.

Alinitazama toka miguu mitupu hadi kichwa kilichonyolewa. Hakutoka.

“Kesho nakupeleka kwa mama yako mdogo,” alisema. “Mimi siwezi.”

Na mimi, ambaye tangu mazishi sikuwa nimehisi njaa wala huruma wala baridi, nilihisi kitu. Kilikuwa hofu, hofu ya kawaida kabisa ya mtoto, kwamba naondolewa kwa mtu huyu. Nilitafuta neno la kumzuia, na lililokuja ni hili:

“Nani atakutekea maji?”

Tata akatazama chini. Maji yalikuwa yamemzunguka pande zote, vipande vya barafu vinaelea mapajani kwake, na mfereji bado unamwagia mengine mgongoni. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Alicheka mpaka akaushika ukuta, kisha kicheko kikabadilika, na nikajua kwamba sasa analia, kwa sauti, jinsi nisivyowahi kumwona mwanamume akilia, hata siku ile Masimba. Nikamwambia sitaki kwenda. Nilimwambia mara nyingi. Nilichuchumaa ukingoni nikakumbatia kichwa chake, kwa sababu ndicho nilichoweza kufikia.

Kesho yake ilinyesha tena, na hatukwenda. Kifuniko kililetwa kwa mkokoteni, na ufunguo Tata akauvaa shingoni. Machozi yangu yalikuja mwaka uliofuata, darasani, penseli iliponivunjikia, na mwalimu hakuelewa.

Shule zilipofungwa muhula ule ule, mama mdogo alikuja, kama alivyosema. Alisimama uani akakitazama kile chuma na kufuli lake, akamtazama Tata, akanitazama mimi nywele zimeanza kuota. Tulikuwa tumepika. Nilichota maji ya tangi, nikayatia kwenye birika, nikamletea na beseni anawe kabla ya kula, kama mgeni. Alikaa na mikono yake magotini, nasi tukisubiri kama atayakubali. Kisha akakunja mikono ya sweta, akainyoosha mikono juu ya beseni, nami nikammiminia.